Mnahesabu magari, sisi wa kituoni mtatuhesabu lini? Barua ya wazi kwa wakubwa wa usafiri mijini

Wakubwa zetu mnaosimamia usafiri wa mijini, shikamooni. Nawaandikia nyote kwa pamoja, mameya, wakurugenzi wa usafiri, wahandisi wa barabara na haswa haswa nyie mnaokaa kwenye kamati za tenda, maana nimeona kila mji sa hizi una mpango wake wa "usafiri janja" na mipango yenyewe inafanana kama mapacha, picha ya kijana kashika simu anatabasamu, basi jeupe lisilo na hata mtu mmoja mlangoni, na mistari ya bluu inapita juu ya majengo sijui ndo intaneti.

Kabla sijaenda mbali, hilo neno janja mlilitoa wapi? Kwa Kiswahili ninachokijua mimi mjanja ni yule anayekupita kwenye mstari wakati umeinama kufunga kamba za viatu. Mwenye akili ni mtu mwingine kabisa. Ukiita taa janja, kadi janja, basi janja, mwananchi anashika mfuko kwanza afu ndo anauliza ni kitu gani. Haya tuyaache, najua mlitafsiri haraka haraka siku mbili kabla ya uzinduzi.

Kilichonileta hapa ni kibarua. Miaka kadhaa nyuma nilipata kazi ya kuhesabu magari, wengi wenu hamjawahi kuiona ingawa ripoti zenu zote zinaanzia pale. Unapewa kiti cha plastiki, kibao cha kuandikia chenye kishikizo juu, na kidude cha chuma unachobonyeza kwa dole gumba kikisema tik namba inapanda, unakaa njia panda kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni na kila dakika 15 unaandika namba kwenye fomu, unarudisha sifuri, unaanza upya. Fomu ilikuwa na safu za magari madogo, pikapu, mabasi madogo, mabasi makubwa, malori, pikipiki, afu ya mwisho imeandikwa mengineyo. Siku ya kwanza nilihesabu vizuri tu sikujiuliza kitu. Siku ya pili mvua ikanyesha, wanafunzi wakajazana pembeni wanasubiri upenyo wa kuvuka, wengine wameweka mabegi kichwani, nikamuuliza msimamizi hawa wanaotembea nawaandika wapi? Akaiangalia fomu, akaigeuza nyuma kama vile kuna safu ilikuwa imejificha huko, akasema hao hawamo, wewe hesabu vyombo. Na baiskeli? Tia kwenye mengineyo.

Hapo hapo likapita basi kubwa, watu wamesimama mpaka ngazini na mlango haufungi, kwa macho yangu hawapungui sabini, nikabonyeza tik, moja. Nyuma yake gari dogo, dereva peke yake anaongea na simu, tik, moja.

Baadaye nikaja kujua kwamba kule ofisini kuna hesabu nyingine inafanyika juu ya zile namba zangu, wahandisi wanabadilisha kila chombo kuwa sawa na magari madogo mangapi, na basi kubwa kwa kawaida linahesabika kama magari mawili au matatu kwa sababu ya nafasi linayokula na linavyojivuta kuondoka taa zikiruhusu. Sisemi hesabu hiyo ni ya uongo, ukitaka kujua barabara imebeba chuma kiasi gani ni hesabu nzuri kabisa. Ila angalieni kilichotokea, lile basi la watu sabini limefika kwenye meza ya mkurugenzi likiwa usumbufu wa magari mawili na nusu. Watu sabini wamepotea kati ya kiti changu cha plastiki na hiyo meza, na huwezi kusema nani kawaiba.

Sasa mimi neno langu kwenye barua yote hii ni hilo moja, mengine ni mifano tu. Mfumo wowote, hata muuite wa akili namna gani, unamwona yule mliyemwekea safu kwenye fomu. Nyie mmebadilisha kalamu, fomu ni ileile.

Maana sa hizi kiti changu hakipo tena. Pale kwenye nguzo kuna kamera na tunaambiwa akili mnemba inahesabu usiku na mchana haichoki wala haiendi chooni. Sawa, mimi nilikuwa naenda chooni, nakiri. Lakini kamera inajua kumtambua mtembea kwa miguu, uwezo huo upo siku nyingi, swali ni kama nyie kwenye ile tenda mlimwagiza mzabuni amhesabu, na akishahesabiwa ile namba inaenda kufanya nini. Taa zikipangwa kwa kupunguza sekunde ambazo magari yanasubiri, basi zitapunguza sekunde ambazo magari yanasubiri, hazitakwenda hata hatua moja zaidi ya hapo, na yule bwana mwenye mwavuli ukingoni kwao ni sehemu ya mandhari, kama mti.

Mkiona natia chumvi sikilizeni hii. Machi 2018 kule Tempe, Arizona nchini Marekani, gari la majaribio linalojiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa NTSB, ndo taasisi ya kule inayochunguza ajali za usafiri, walikuta vihisio vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda wa kutosha kupunguza mwendo kabisa, ila programu ikawa inahangaika kumpa jina, mara chombo, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ikibadilisha jina inaanza upya kukisia anaelekea wapi. Na ripoti ikasema wazi kwamba mfumo haukuwa umetengenezwa kumfikiria mtu anayevuka sehemu isiyo na zebra. Mtu aliyewekwa kwenye usukani kwa ajili ya usalama naye alikuwa anaangalia simu yake. Niliposoma hayo nikamkumbuka msimamizi wangu anaigeuza ile fomu. Gari lina leza, rada, kamera kila upande, na bado mwenye baiskeli yuko kwenye mengineyo.

Kuhusu taa nina ugomvi na nyie wa muda mrefu. Taa ya kwanza kabisa ya barabarani iliwekwa London mwezi Desemba 1868 karibu na Bunge, ilikuwa ya gesi, polisi anaizungusha kwa mkono, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapa wanaotembea kwa miguu nafasi ya kuvuka katikati ya magari ya farasi. Ikalipuka Januari 1869 ikamuumiza polisi, wakaiondoa. Yani taa ilianza na mtembea kwa miguu kichwani, tukafika hapa tulipo ambapo mtembea kwa miguu anabonyeza kitufe ambacho wengine tunaamini hakijaunganishwa na kitu chochote. Na hizi taa za kompyuta mnazozizindua kwa ngoma si habari mpya, Toronto walianza kuziendesha kwa kompyuta mwaka 1963. Los Angeles walimaliza kuziunganisha taa zao zote mwaka 2013, zilikuwa takriban 4,400, kila moja inaongea na mwenzie. Ulizeni kama foleni imeisha Los Angeles.

Juzi nikapima na simu. Barabara ya njia nne, taa ya kijani ya kuvuka ikawaka sekunde 9 ndo ikaanza kupepesa. Njia moja tukiipa mita tatu na nusu, nne ni mita 14, na vitabu vyenu wenyewe vingi vinakadiria mtu anatembea karibu mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo hata kwa mtu mzima mwenye afya yake anahitaji karibu sekunde 12 bila kusita. Mbele yangu kulikuwa na bibi mwenye mkongojo. Kijani kilipowaka alitazama kushoto kwanza, akatazama kulia, kama alivyofundishwa maisha yake yote, sekunde mbili zimekwenda. Akashuka ukingoni kwa mguu mmoja, akavuta wa pili. Tulipofika ule mstari wa katikati taa imeshakuwa nyekundu na pikipiki zinaunguruma, nikamshika mkono, tumesimama pale magari yanapita mbele na nyuma, shuka lake linapepea kwa upepo wa malori. Akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mjukuu wangu, hii taa ina haraka ya nani?"

Ninyi ndo mnajua jibu, mimi nilikosa.

Singapore wamefanya kitu kidogo tu tangu 2009, mzee au mtu mwenye ulemavu anagusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa na kijani cha kuvuka kinamwongezea sekunde kati ya 3 na 13 kulingana na upana wa barabara. Kadi, kisomeo, sekunde chache. Hakuna kongamano. Hiyo kwangu ndo taa yenye akili kwa sababu kuna mtu alikaa akafikiri habari za yule bibi, akamwekea safu yake.

Tuje kwenye basi. Kuna chama cha maafisa wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini kinaitwa NACTO, makadirio yao ni kwamba njia moja ya barabara iliyochanganya kila aina ya gari inapitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, njia hiyohiyo ukiipa mabasi peke yake inapitisha kati ya 4,000 na 8,000. Lami ileile, upana uleule. Hapo hamjanunua hata kamera moja, ni rangi na ujasiri, na labda askari wa wiki mbili tatu za mwanzo mpaka watu wazoee. Houston walikwenda upande wa pili, barabara yao ya Katy ilipanuliwa mpaka 2008 na sehemu nyingine ukihesabu na zile za pembeni inafika njia 26, ishirini na sita jamani, na msongamano ukarudi kwa sababu barabara ikipanuliwa watu wanaoendesha nao wanaongezeka, jambo ambalo wahandisi wameliandika miaka na miaka. Mtu anaweza kuniambia ah huyo si mhandisi. Kweli si mhandisi. Ila nimekaa kwenye kile kiti.

Zürich, mji wa Uswisi, huwa naitaja nikianza kubishana, marafiki zangu wamechoka. Wananchi waliupigia kura mradi wa reli ya chini ya ardhi mwaka 1973 wakaukataa, mwaka 1977 wakapitisha kwa kura pesa za kuzipa tramu, zile treni ndogo zinazopita katikati ya barabara, na mabasi kipaumbele barabarani. Vihisio vikawekwa chini ya barabara, tramu ikikaribia njia panda taa inajua na inafungua, yenye watu wengi inapita kwanza. Mnaona tofauti? Waya ni uleule wanaotumia wengine kusukuma magari, wao wakauambia wanayemtaka ni nani. Hiyo ni teknolojia ya zamani za simu za kuzungusha namba na bado miji mingi yenye dashibodi zinazojaza ukuta mzima haijaifikia.

Na mkitaka kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, sina neno, tozeni, lakini angalieni mpangilio wa kazi. Stockholm walifanya jaribio la tozo kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20, wakapiga kura, ikawa ya kudumu 2007. Kinachotajwa mara chache kwenye semina ni kwamba miezi kadhaa kabla ya tozo, Agosti 2005, waliongeza mabasi mapya 197 na njia mpya 16. Basi limetangulia, kamera imefuata. Sasa kuna watu naona wanapanga kuanza na kamera, wakishakusanya hela ndo wataangalia habari ya basi. Huyo mwenye gari mliyemfukuza apande nini? Atarudi kwenye gari, atalipa, atawachukia, na sisi wa kituoni tutabaki na msongamano wetu uleule. Singapore hao hao walianza kutoza 1975 kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo na mtu amesimama anaangalia kwa macho, mitambo ya elektroniki ikaja 1998, miaka 23 baadaye. Uamuzi ulikuwa na akili hata kabla ya umeme.

Kituoni kwetu waliweka skrini. Ilikuja na sherehe, utepe, maji ya chupa. Inaonyesha namba ya basi na dakika zilizobaki. Wiki ya kwanza ilikuwa raha kweli, unaona dakika 6, unaenda kununua vocha unarudi. Wiki ya tatu ikagoma kwenye "dakika 4". Tukasubiri dakika nne. Zikapita kumi. Zikapita ishirini na tano, skrini inang'aa pale juu dakika 4, basi likaja limejaa halikusimama, dakika 4, likaja lingine, hilo nalo likasimama mbele huko watu wakakimbia, dakika 4. Mama mmoja mgeni na eneo akauliza hivi hii dakika nne ni ya basi gani, kijana mmoja muuza vitabu akamjibu "mama hilo ndo jina la kituo." Tulicheka sana lakini ukweli ni kwamba yule mama alikuwa na miadi hospitali. Skrini haijaleta basi. Ile pesa ya skrini sijui ingenunua nini, nyie mna vitabu vya hesabu, pigeni. Mimi najua tu kwamba mtu akijua basi linakuja kila baada ya dakika tano hana haja ya kuambiwa na kioo, na mtu asiyejua basi linakuja saa ngapi ukimwekea kioo umempa kitu cha kutazama tu.

Haya na aplikesheni. Kila mji unataka yake, kila ofisi ndani ya mji inataka yake, simu yangu ina tatu na zote zinataka nijisajili upya kila nikibadilisha laini. Helsinki kule Finland ilitoka aplikesheni inaitwa Whim mwaka 2016, wazo zuri sana kwenye karatasi, unalipa mara moja kwa mwezi unapata basi, treni, teksi, baiskeli, gari la kukodi, yote kwenye simu. Dunia nzima ikawasifu. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ikafilisika 2024. Na hapo basi na tramu za Helsinki zilikuwepo kabla yake na zipo mpaka leo, sasa fikirieni aplikesheni ya namna hiyo mahali ambapo hata basi lenyewe halieleweki.

Kitu kilichosaidia watu kweli kweli hakina hata sura. Mwaka 2005 mama mmoja anaitwa Bibiana McHugh aliyekuwa anafanya kazi shirika la usafiri la Portland, TriMet, alichoka kuona ni rahisi kupata maelekezo ya kuendesha gari kwenye mtandao kuliko maelekezo ya kupanda basi, akashirikiana na wahandisi wa Google wakaweka ratiba na vituo kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, yale ya kutenganisha kwa mkato, yakafungwa pamoja na kuwekwa wazi kwa yeyote. Ule mfumo unaitwa GTFS na sasa unatumika duniani kote. Mafaili ya maandishi! Nairobi mwaka 2014 wanachuo na watafiti, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda yale mabasi madogo wakiwa na simu zao, wakarekodi vituo na njia zaidi ya 130 ambazo hazikuwahi kuwa kwenye ramani moja, wakatoa ramani wazi kwa kila mtu. Hawakusubiri kila basi lifungwe kifaa. Kwa hiyo mkiniambia mji wenu hauwezi kutoa ratiba mpaka mfadhili aje, samahani wakubwa, hapo hamnishawishi. Na mnapotoa msimsahau mwenye simu ya kitochi, namba fupi ya kubonyeza ya bure inatosha, yule bibi wa mkongojo hana mpango wa kuskani chochote.

Halafu data zetu. Mimi mtanihesabu, ndo nachoomba, lakini kunihesabu na kunifuatilia ni vitu viwili. Kamera ikijua watu 400 wamevuka hapa kati ya saa moja na saa mbili, safi sana. Ikijua kwamba mimi ndo nimevuka, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, hapana. New York mwaka 2014 zilitolewa data za safari za teksi milioni 173 wakisema wameficha namba za magari na madereva, mtaalamu mmoja wa kompyuta akalifungua lile fumbo muda mfupi tu baadaye, na watu wengine wakaweza kulinganisha na picha za watu maarufu wakipanda teksi wakajua walishuka wapi. Nia ilikuwa nzuri, kazi ilikuwa ya kizembe. Na Toronto kuanzia Oktoba 2017 kulikuwa na mradi wa Sidewalk Labs, ndugu yake Google, kujenga mtaa wenye vihisio kila kona pale ufukweni, wananchi wakauliza hizi data za nani, mshauri wa faragha wa mradi wenyewe Ann Cavoukian akajiuzulu 2018, Mei 2020 mradi ukafungwa wakisema hali ya uchumi. Yale maswali ya wananchi hayakuwa ya chuki kwa teknolojia jamani. Ni maswali ambayo kwenye tenda zenu nyingi hayana hata ukurasa, mkandarasi akiondoka anaondoka na hesabu zetu na nyie mnabaki kununua tena mlichokuwa nacho.

Magari yanayojiendesha sitayasema sana. Yatakuja pengine, na mengine yapo yanabeba abiria tayari. Ila gari linalojiendesha likiwa na mtu mmoja ndani limechukua lami ileile ya yule jamaa wa tik moja, na likiwa halina mtu kabisa linaenda kumsubiri mwenyewe ndo kichekesho zaidi. Vivyo hivyo umeme. Shenzhen kule China walimaliza kubadilisha mabasi yao yote kuwa ya umeme mwisho wa 2017, zaidi ya mabasi 16,000, nawapigia makofi kwa mikono miwili kwa sababu walianza na kitu kinachobeba watu wengi. Mwingine anaanza na ruzuku ya magari binafsi ya umeme. Foleni haitakuwa na moshi, asante, tutachelewa tukiwa tunapumua vizuri. Na zile skuta za kukodi zinazotupwa njiani, Paris waliwauliza watu Aprili 2023, waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ila karibu asilimia 89 yao wakasema ziondoke, zikaondoka. Sina upande hapo, naona tu mtembea kwa miguu akiulizwa ana la kusema.

Helsinki hiyo hiyo ya Whim, kuanzia katikati ya 2024 mpaka katikati ya 2025 walimaliza mwaka mzima bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Mwaka mzima, na duniani Shirika la Afya linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa wanaotembea, wa baiskeli na wa pikipiki, yani watu wa mengineyo. Walifanyaje? Zaidi ya nusu ya barabara za mji mwendo ni kilomita 30 kwa saa, vivuko vimeboreshwa, barabara zimebanwa, kamera za mwendo zimeongezwa, na usafiri wa umma unaotegemeka. Kuna kamera humo ndani, mnaona, siwakatazi kamera.

Ninachoomba ni kidogo. Mkutano ujao wa tenda, kabla ya yule kijana wa kampuni hajawasha projekta, ombeni fomu. Ile orodha ya vitu ambavyo mfumo wake utahesabu. Kama hakuna safu ya watu waliomo ndani ya basi, mrudisheni. Kama hakuna safu ya aliyesimama ukingoni na amesimama muda gani, mrudisheni. Na ile namba mnayoitangaza kila mwaka ya kasi ya magari barabarani wekeni pembeni yake namba nyingine, mtu wa kawaida alisubiri dakika ngapi kituoni asubuhi, iwekwe kwa herufi kubwa zilezile, na mkurugenzi aulizwe kwa hiyo. Mkikosa wa kuwapimia nipo, kibarua nakijua.

Kile kidude cha chuma sikukirudisha, niseme ukweli, msimamizi hakukiuliza na mimi sikumkumbusha. Huwa natembea nacho mfukoni. Jana asubuhi pale kituoni nikaamua kubonyeza kila mtu anayefika, kuanzia saa 12 na nusu mpaka basi la kwanza lenye nafasi lilipokuja saa moja na dakika kumi. Kilisoma 143. Ichukueni hiyo namba, mkandarasi wenu hana.